Mkulima Asiyeinua Kichwa: Maneno Machache Juu ya Mashairi na Picha

Juma hili nataka tuzungumze juu ya desturi moja ya watunga mashairi, ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaweza kuonekana kuwa ni kazi bure. Desturi yenyewe ni hii: mshairi husimama mbele ya picha iliyochorwa, au sanamu iliyochongwa, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda zake akatunga shairi juu yake. Mtu mwenye akili timamu aweza kuuliza, "Kuna haja gani? Picha ipo, na macho tunayo. Ikiwa ni nzuri, uzuri wake tutauona wenyewe. Ikiwa ni mbaya, maneno ya mshairi hayataiponya."

Swali hili ni la haki, na asiyeweza kulijibu hana ruhusa ya kuwasifia wenzake mashairi ya namna hiyo. Basi leo nitajaribu kulijibu, na zaidi kwa njia ya picha moja. Nimeichagua kwa sababu ndani yake yumo mkulima, na wengi wenu msomao ukurasa huu mwalima. Tena katika picha nyingine iliyo jirani yake wamo makarani, na sisi tulio makarani hatuna pa kujificha.

Desturi hii si ngeni. Wayunani wa kale waliiita ekfrasisi, maana yake ni kueleza kitu kwa maneno hata msikiaji akione kana kwamba kimewekwa mbele ya macho yake. Homer, katika utenzi wake uitwao Iliad, alieleza ngao ambayo Hephaestus, mungu mfua vyuma, alimfulia shujaa Achilles. Juu ya ngao hiyo palitiwa mambo ya dunia nzima: harusi, shauri linaloamuliwa barazani, vita, mavuno ya zabibu, na wakulima wanaolima ambao kila wafikapo mwisho wa shamba hupewa kikombe cha divai. Na hapa kwetu pwani, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, katika Al-Inkishafi, aliushika moyo wake akaupeleka kutazama majumba ya matajiri waliokwisha kufa. Aliuonyesha zile zidaka za ukutani, kazi ya mafundi hodari, zilizokuwa zamani zimepangwa vyombo vya kauri, na sasa zimekuwa malazi ya ndege. Mshairi yule hakuzitaja zidaka ili tuzihesabu. Alizitaja ili moyo upate kuogopa. Mkikumbuka jambo hilo mtafahamu upesi wale washairi wa karne ya 20 nitakaowataja, maana njia yao ni ileile, ijapokuwa nyumba wanazotazama ni nyingine.

Sasa na tuingie katika habari ya picha. Katika mji wa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, iko nyumba kuu ya makumbusho ya sanaa, na ndani yake imetundikwa picha ya rangi ambayo makumbusho hayo yaliipata mwaka 1912. Upana wake ni sentimeta 112, na kimo chake ni kama sentimeta 74, yaani ni kadiri ya meza ndogo ya kuandikia. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ni kazi ya mkono wa Pieter Bruegel, mchoraji aliyefariki katika mji huohuo mwaka 1569. Siku hizi wataalamu wengi hudhani kuwa ni nakala iliyofanywa kwa kufuata picha yake iliyopotea. Jina lake ni Mandhari na Kuanguka kwa Icarus.

Mbele kabisa mwa picha pana shamba lililo juu ya mwinuko kando ya bahari. Mkulima mwenye nguo ya mikono myekundu anafuata plau inayokokotwa na farasi mmoja. Mguu wake mmoja umo ndani ya mfuo, na kichwa amekiinamisha. Chini yake kidogo yuko mchungaji, ameegemea fimbo, na mbwa wake na kondoo zake wamemzunguka. Karibu na maji ameketi mvuvi wa ndoana. Bahari ni ya rangi ya kijani, na juu yake yapita merikebu nzuri yenye matanga. Mbali kabisa jua limekaa juu ya upeo wa bahari. Ni asubuhi njema au jioni njema, na kila mtu ana kazi yake.

Na Icarus yuko wapi? Mtazamaji mgeni hutafuta sana. Hatimaye, katika pembe ya chini upande wa kulia, kati ya merikebu na ufuo, huona miguu miwili myeupe ikipiga maji. Hicho ndicho kilichobaki cha mtu ambaye picha nzima imeitwa kwa jina lake.

Kwa wale wasioijua hadithi yenyewe, ni hii kwa ufupi. Daedalus alikuwa fundi stadi kupita wote, naye alizuiliwa na mfalme Minos katika kisiwa cha Krete pamoja na mwanawe Icarus. Njia ya bahari ikiwa imefungwa, fundi yule aliunda mabawa ya manyoya yaliyoshikamanishwa kwa nta. Akamwonya mwanawe asiruke chini mno, manyoya yasije yakalowa, wala asiruke juu mno, jua lisije likaiyeyusha nta. Kijana alipoonja raha ya kuruka alisahau maonyo, akapanda juu, nta ikayeyuka, akaanguka baharini akafa.

Najua vema kwamba wasomaji wangu wamekwisha kutoa hukumu. Mmoja asema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Wa pili aongeza, "Aliye juu mngoje chini." Na wa tatu, mwenye moyo mgumu zaidi, asema, "Msiba wa kujitakia hauna kilio." Methali hizi zote ni za kweli, na kwa muda wa miaka mingi wazee wa Ulaya nao waliifundisha hadithi hii kwa maana iyo hiyo. Lakini mchoraji hakutuchorea kosa la kijana. Hakuna nta katika picha, wala mabawa yakivunjika angani, wala baba akilia. Alichotuchorea ni watu wengine, wale ambao msiba haukuwapata. Hapo ndipo hadithi ya zamani ilipogeuka kuwa hadithi mpya.

Tena tazameni alivyoigeuza. Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeiandika hadithi hii yapata miaka 2,000 iliyopita, alimtaja mvuvi, na mchungaji, na mkulima. Alisema kwamba waliwaona baba na mwana wakipita angani, wakastaajabu, wakawadhani kuwa ni miungu. Mchoraji aliwachukua watu hao hao watatu kutoka katika shairi, akawaweka katika picha, lakini aliwanyima ule mshangao. Mkulima atazama mfuo, na mvuvi ashughulika na ndoana yake. Wajuzi wa mambo haya hukumbusha methali moja ya kale ya nchi zile, isemayo kwamba plau haisimami kwa ajili ya mtu anayekufa. Ukitazama sana vichakani, upande wa kushoto mwa shamba, waonekana uso wa mtu aliyelala, ambao wengi husema ni wa maiti. Basi shairi lilizaa picha, na picha ikabishana na shairi lililoizaa. Ilikuwa bado kuja washairi wengine wa kujibu.

Wa kwanza nitakayemtaja ni W. H. Auden, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1907. Mwezi wa Desemba mwaka 1938 alikuwa akikaa Brussels, akaingia katika makumbusho yale. Yafaa tukumbuke alikotoka. Mwaka 1937 alikuwa amekwenda Hispania, ambako wananchi walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1938 alisafiri mpaka China, nchi iliyokuwa imevamiwa na Wajapani. Mwezi wa Septemba mwaka huo wakuu wa Uingereza na Ufaransa walikubali, pale Munich, kwamba Ujerumani ikate sehemu ya nchi ya Czechoslovakia. Mwezi wa Novemba, katika Ujerumani, masinagogi yalichomwa moto na maduka ya Wayahudi yakavunjwa. Magazeti yalizitoa habari hizo, watu wakazisoma, kisha wakaendelea na chai yao. Mtu aliyekuwa na mambo kama hayo kichwani ndiye aliyesimama mbele ya mkulima asiyeinua kichwa.

Shairi alilolitunga aliliita kwa jina la nyumba ile ya makumbusho. Halina hata neno moja juu ya Hispania, wala China, wala Ujerumani. Lasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na rafiki yake, mistari mingine mirefu na mingine mifupi, na vina vyake vimo lakini vimefichwa, havifuati mpango wa kawaida. Msomaji aliyezoea mizani zetu aweza kulisoma lote asitambue kwamba ni shairi lenye vina. Fikira yake ni hii: wachoraji wa zamani waliijua vizuri nafasi ya mateso katika maisha ya wanadamu, walijua kwamba mateso humfikia mtu wakati jirani yake yumo katika shughuli zake ndogo ndogo za kila siku. Baada ya kusema hivyo ndipo Auden amwonyeshapo Icarus. Mkulima, asema, huenda aliusikia ule mshindo wa maji, lakini kwake halikuwa jambo kubwa. Na merikebu, ambayo bila shaka iliona ajabu ya kijana kuanguka kutoka mbinguni, ilikuwa na safari yake, nayo ikaendelea nayo.

Katika shairi hilo hilo Auden agusa picha nyingine za Bruegel, na wataalamu hutaja mojawapo kuwa ni ile ya mwaka 1566 iitwayo Kuhesabiwa kwa Watu Bethlehemu, iliyomo katika makumbusho yayo hayo. Waliosoma Injili ya Luka wanakumbuka amri ya Kaisari Augusto kwamba watu wote waandikwe majina. Bruegel aliiondoa habari hiyo katika nchi ya Wayahudi akaileta katika kijiji cha kwao, wakati wa baridi, theluji imetanda kila mahali. Watu wamesongamana mbele ya nyumba ya wageni, ambapo makarani wameketi wakipokea fedha na kuandika. Nguruwe anachinjwa. Watoto wanacheza juu ya barafu. Na katikati ya watu hao wapita mwanamke juu ya punda, na mbele yake mwanamume aliyebeba msumeno mkubwa. Hao ndio Mariamu na Yusufu seremala. Hakuna anayewasimamia njia, wala anayewapisha. Karani ana kitabu chake mbele yake, na jina la mwanamke huyo likifika litaandikwa mstari mmoja kama majina mengine.

Mshairi wa pili ni Mmarekani, William Carlos Williams, aliyezaliwa mwaka 1883. Kazi yake ilikuwa udaktari katika mji mdogo wa Rutherford, jimbo la New Jersey, naye alitibu wagonjwa miaka zaidi ya 40, akitunga mashairi katika nafasi aliyoipata kati ya mgonjwa na mgonjwa. Katika miaka ya 1950 maradhi ya kupooza yalimpata. Mwaka 1962 kilitoka kitabu chake kiitwacho Pictures from Brueghel, ambamo mna mashairi kumi ya kufuatana juu ya picha za mchoraji yule. Alifariki mwezi wa Machi mwaka 1963, na mwaka huo huo kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Pulitzer.

Shairi lake juu ya Icarus lina mistari 21 tu, mifupi sana, iliyopangwa mitatu mitatu, wala haina nukta wala mkato. Hana hoja kama Auden, wala haelezi wachoraji walijua nini. Afanya kama mtu anayenyoosha kidole: huu ni wakati wa machipuko, huyu ni mkulima, hii ni nchi iliyoamka, hili ndilo jua linalomtoa mkulima jasho na ndilo lililoiyeyusha nta. Kisha, mwisho kabisa, ndipo atajapo kwamba kule kando mtu alikuwa akizama. Angalieni ufundi wake. Mchoraji alimweka Icarus pembeni, hata jicho likamfikia baada ya kuona mengine yote. Mshairi, asiye na pembe ya karatasi ya kumfichia, alimweka katika mstari wa mwisho, hata sikio likamfikia baada ya kusikia mengine yote. Kila mmoja alitumia kifaa chake, na pigo lao ni moja.

Wakulima wangependa zaidi shairi lingine la daktari huyo, lihusulo picha ya mavuno ya mwaka 1565, ambayo sasa imo katika makumbusho ya Metropolitan mjini New York. Ndani ya picha hiyo watu wavuna ngano, wengine wala chakula chini ya mti, na kijana mmoja amelala chali, miguu kaitupa huku na huku, usingizi wa mtu aliyeshika mundu tangu alfajiri. Williams alimwangalia kijana huyo zaidi ya wote. Hakumwita mvivu. Alijua, kama ajuavyo kila mtu aliyepata kuvuna, kwamba usingizi huo umelipiwa.

Sasa turudi kwa mwuliza swali wetu. Shairi lina faida gani mbele ya picha?

Faida ya kwanza ni kwamba picha ni bubu, tena imesimama. Miguu ya Icarus imepiga maji miaka zaidi ya 400, nayo haijazama. Merikebu haijapita. Mshairi ndiye aletaye sauti ya mshindo wa maji, na ndiye aiondoaye merikebu ikaenda zake. Auden ndiye aliyetuambia kwamba merikebu haikusimama. Ndani ya picha haijulikani kama itasimama ama haitasimama.

Faida ya pili ni kwamba mshairi hutuonyesha mahali pa kutazama. Wako watu waliosimama mbele ya picha ile wakasifu rangi ya bahari, wakaondoka bila kuiona miguu. Macho hayana pazia, ndiyo, lakini yana uvivu.

Walakini tusimwamini mshairi kwa kila jambo. Anayetuonyesha mahali pamoja hutupitisha pengine tusipaone. Auden na Williams wote wawili hawakumtaja yule mchungaji, naye ndiye mtu pekee katika picha anayetazama juu! Atazama nini? Katika picha ya Brussels mbingu mbele ya macho yake ni tupu. Lakini iko picha nyingine inayofanana nayo, katika makumbusho ya Van Buuren mjini humo humo, na katika hiyo Daedalus angali akiruka angani. Basi mchungaji amwona baba aliye hai, wala hamwoni mwana anayezama nyuma yake. Tena karibu na mvuvi, juu ya tawi, ametua kware, ambaye wasomaji wa Ovid wamfahamu: alikuwa mpwa wa Daedalus, kijana mwerevu ambaye mjomba wake alimsukuma kutoka mahali pa juu kwa wivu, akageuzwa ndege. Katika picha iliyojaa watu wasiojali, yuko mmoja ambaye ana sababu yake ya kutohuzunika. Washairi wetu hawakumtaja huyu naye. Kwa hiyo shairi si kibarua cha picha, wala si mwenye nyumba yake. Ni mgeni aliyekaribishwa, akaona aliyoyaona, akatoka akayasimulia.

Faida ya tatu ndiyo kubwa kupita zote. Mshairi hugeuza kutazama kukawa kujiuliza. Na swali lililomo katika picha hii ni moja: je, mkulima yule ana hatia?

Nitamtetea. Alimaye kwa plau akitazama pembeni, mfuo wake hupinda. Mvua haimngoji mtu, wala kodi haimngoji. Kutoka juu ya mwinuko ule mpaka majini ni mbali, na yamkini hakusikia kitu. Nani kati yetu aliyekula jasho lake ambaye atamhukumu mtu kwa sababu aliinamia kazi? Mtu aliyeinama kwa sababu mzigo umemwinamisha hafanani na mtu aliyegeuza uso wake.

Lakini merikebu ni habari nyingine. Merikebu ilikuwa karibu. Ilikuwa na mabaharia, na mashua, na kamba. Kama Auden asema kweli, iliona, ikapima, ikachagua safari yake. Mkulima alikosa habari. Merikebu haikukosa habari, ilikosa huruma. Nadhani shairi lile lapata nguvu yake kwa kuwaweka wawili hao bega kwa bega bila kuwapatanisha, likatuachia sisi kuamua tu upande gani. Na wakati ule wa mwaka 1938, kila serikali iliyosoma magazeti ilikuwa merikebu.

Kuna jambo la kuogofya zaidi, nalo Auden alilifikia baada ya vita. Mwaka 1952 alitunga shairi lingine juu ya ile ngao ya Achilles niliyoitaja mwanzoni. Mama yake shujaa, Thetis, anachungulia begani mwa mfua vyuma, akitumaini kuona harusi na mavuno na ngoma, kama alivyoeleza Homer. Haoni. Badala yake aona mahali palipozungushwa seng'enge, na maofisa waliochoka kungoja wakifanyiana mzaha, na watu watatu wakiletwa na kufungwa penye miti waliyosimamishiwa. Nje ya seng'enge umesimama umati wa watu, raia wema wa kawaida, wakitazama. Hawasemi neno wala hawajongei.

Angalieni tofauti. Katika picha ya Brussels msiba wapita kwa sababu watu hawakutazama. Juu ya ngao watu wote watazama, na msiba wapita vilevile. Kumbe basi haitoshi kuinua kichwa. Kuona ni mwanzo tu wa kazi.

Na wale maofisa ni akina nani? Shairi haliwapi sura za mashetani. Wana kazi ya kufanya, nao wachoka kuingoja. Hapa nasema na makarani wenzangu. Kazi yetu ni kuandika majina. Kila jina lina mstari wake, na kila mstari una urefu uleule, awe mwenye jina ni mwenye furaha au ni mjane aliyekuja na karatasi ya marehemu mumewe. Ni kazi ya lazima. Nchi isiyo na daftari haiwezi kugawa mbegu wala dawa wala shule. Lakini mstari wa daftari waweza kutufanya kama karani wa Bethlehemu, ambaye punda yule alimpita karibu na meza, na hesabu yake ikatoka sawasawa. Hesabu kutoka sawasawa ni jambo jema. Ila si jambo la mwisho.

Nitamaliza kwa karani mmoja aliyefahamu kutazama. Rainer Maria Rilke, mshairi wa lugha ya Kijerumani, alikuwa katibu wa mchonga sanamu mashuhuri Auguste Rodin, huko Ufaransa, tangu mwaka 1905 hata 1906. Kwa huyo bwana alijifunza kukaa mbele ya kitu kwa saburi mpaka kitu chenyewe kiseme. Mwaka 1908 alitoa kitabu cha mashairi alichomtunukia Rodin, na ndani yake limo shairi la mistari 14 juu ya sanamu ya kale ya Apollo iliyovunjika, iliyobaki kiwiliwili tu. Haina kichwa, kwa hiyo haina macho. Lakini Rilke asema kwamba mwili ule wote waangaza na waona, hata hakuna pahali ambapo mtazamaji aweza kujificha usoni pake. Kisha shairi lamgeukia msomaji ghafula na kumdai maisha yake, kwamba hayawezi kubaki kama yalivyokuwa.

Hilo ndilo jibu langu kwa aliyeuliza. Twatunga mashairi juu ya picha kwa kuwa picha nzuri hututazama sisi pia, na mshairi ndiye mkalimani wake. Atuambia imeona nini kwetu.

Basi, wasomaji, jaribuni wenyewe. Karibu kila duka na kila nyumba ina picha ukutani: ya kalenda, ya arusi, ya mtu aliyekwisha fariki, ya shule aliyosoma mtoto. Chagueni moja mliyoizoea hata hamwioni tena. Ikaeni mbele muda wa robo saa. Ulizeni ni nani aliye pembeni kabisa, nani hatazami, na ni jambo gani lilitendeka kabla na baada ya picha kupigwa. Kisha andikeni beti tatu au nne, za vina au zisizo na vina, na kumtaja yule wa pembeni katika mstari wa mwisho. Hamtakuwa washairi wakuu kwa siku moja. Lakini yamkini, siku ya pili yake, mtakapokuwa shambani au mezani, mtasikia mshindo wa maji mahali ambapo jana mlisikia upepo tu.